Mwanangu Akirudi

Magu, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Chenge,

Salamu nyingi. Huku tunachuma pamba. Mvua ilichelewa, vitumba vingi vimeoza, lakini hatujalala njaa. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nasikia nusu nusu, unanijua, na jambo hili sitaki lisikike nusu. Barua analeta kondakta wa basi la saa tatu. Mpe asante yake.

Kipindi chako cha Jumamosi huwa nakisikiliza chote. Redio naiweka juu ya pipa, upande wa sikio zima. Nimejifunza mengi. Sikujua kwamba banjo la Wazungu wa milimani kule Marekani lilitokana na ala za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Sikujua kwamba wachuma pamba wa Marekani waliimba mmoja akitangulia na wengine wakiitikia, vilevile kama tulivyolima kwa baba. Nilimwambia jirani yangu Odeta kwamba mtangazaji huyu ni mdogo wangu. Akasema, kumbe ndiyo maana anafoka.

Lakini juzi ulipiga ule wimbo wa baba wa mahari. Sikujua kwamba upo kwenye kanda. Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini. Nakuomba usiupige tena, na usiuweke kwenye hicho kitabu unachosema kitatoka Agosti.

Dada yako,
Hellen Maige

*

Mabatini, Mwanza, 8 Juni 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Barua imefika na kondakta amepata asante yake.

Kwanza nikusahihishe, usikasirike. Si wimbo wa mahari. Ni wa mahali. Hayo ndiyo maradhi yetu Wasukuma, l na r tunazivaa kama mtoto anavyovaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Nimeusikiliza mara mia, na maneno yake haya hapa:

Mwanangu akirudi, sina mahali,
mlango ninao, wa kufungua sina mkono.
Ng'ombe wamepita, vumbi limebaki,
mwanangu akirudi, sina mahali.

Unaona? Huyu ni mkulima aliyeambiwa alime pamba hadi mlangoni, malisho yakaisha, ng'ombe wakaondoka. Mtoto aliyepelekwa shule atarudi, na ardhi haipo. Huyo mwana ni mimi, dada. Baba aliniona kabla sijarudi. Niambie tofauti ya wimbo huu na nyimbo za huzuni za weusi wa Mississippi, mtu amesimama kituo cha treni na hana kwao. Hakuna! Pamba ileile, jembe lilelile, tofauti ni bahari tu.

Ndiyo maana kitabu kinaitwa Sina Mahali. Sura ya tisa yote inasimama juu ya wimbo huu. Kuna mchambuzi mmoja wa gazeti anayeandika kila wiki kwamba naokoteza, kwamba Mmarekani mweusi na Msukuma hawana cha kuzungumza. Wimbo wa baba ndio jiwe nililomwekea. Usininyang'anye jiwe.

Nduguyo,
Chenge

*

Magu, 17 Juni 2024

Chenge,

Marahaba. Nimesoma.

Ni mahari. Mimi sikuusikia kwenye kanda. Niliusikia baba akiuimba mwenyewe, siku ya mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Wagika, chama cha baba, upande huu na Wagalu upande ule, na yeye katikati. Wewe ulikuwa shule. Kama huniamini mimi, muulize aliyerekodi.

Halafu nikukumbushe jambo. Mwezi wa tano ulizungumza juu ya wale wakusanyaji wa nyimbo waliokwenda na mashine zao kwenye magereza na mashamba ya Marekani. Ulisema walimwimbisha mfungwa, wakaondoka na wimbo, wakaandika majina yao juu yake, na mfungwa akabaki na jembe. Ulisema, maneno yako haya, kwamba anayechukua wimbo bila kuuliza unamhusu nani ni mwizi hata kama anaupenda. Ulifoka kweli siku ile. Odeta alipiga makofi.

Sasa wewe umeniuliza mimi?

Nyani haoni kundule, na wewe ni mwalimu wa nyani.

Hellen

*

Mabatini, 22 Juni 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Barua yako imeniuma, na mimi nikiumwa huwa naongea.

Wale wakusanyaji walikuwa wageni. Mimi ni damu yake. Mtoto kuchukua wimbo wa baba yake si wizi, ni urithi. Ngoja nikupe somo ambalo sijalitangaza bado. Vijana wa Bronx, mwanzoni mwa miaka ya sabini, hawakuwa na ala. Mtaa wao ulikuwa umechomwa moto, shule zimefuta masomo ya muziki. Wakachukua santuri za wazazi wao, wakatafuta kile kipande ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake, wakakirudia na kukirudia, wakasimama juu yake wakasema yao. Huo ndio mwanzo wa hiphopu. Hakuna aliyemwomba baba ruhusa. Kabla yao, waimbaji wa soul walichukua nyimbo za kanisani za mama zao, wakatoa jina la Yesu wakaweka la mpenzi. Wazee wa kanisa walilia, muziki ukasonga mbele. Toka nyimbo za mashambani hadi leo, muziki huo wote umejengwa na watoto waliofungua kabati la wazazi bila kubisha hodi.

Nashuku ni hao wazee wa kanisa lako wanaokusukuma. Wameona ngoma ni ushenzi, na kiongozi wa kwaya hapaswi kuwa binti wa mtunzi wa ngoma. Waambie waje kwangu. Nina muda wao.

Kuhusu aliyerekodi, ni marehemu Shantilal, yule aliyekuwa na duka la redio na santuri pale mjini. Alimwomba baba aimbe wimbo mmoja kwa Kiswahili ili uuzike hadi ng'ambo ya ziwa. Binti yake, Mama Dipti, ndiye aliyenipa nakala ya kanda, na leo nimemwandikia aangalie kwenye boksi kumeandikwaje. Jibu likija nitakuletea, tumalize ubishi.

Chenge

*

Magu, 28 Juni 2024

Chenge,

Urithi? Kwani nani amekufa? Aliyeimbiwa yupo, anachuma pamba.

Kanisa haliko humu. Subiri huyo mama akujibu.

Hellen

*

Upanga, Dar es Salaam, 9 Julai 2024

Bwana Chenge,

Habari za Mwanza. Mimi naendelea vizuri, magoti tu. Nasema, Dipti anaandika, maana mkono wangu sasa unatetemeka.

Boksi la kanda ninalo. Baba yangu alikuwa na desturi ya kuweka kadi ndani ya kila boksi, na aliziandika kwa Kigujarati, kwa hiyo nikupe lugha kidogo. Kwenu mnasema "mwanangu" na mtu hajui ni wa kiume au wa kike. Kwetu haiwezekani. Wa kiume ni dikro, wa kike ni dikri. Kadi ya wimbo wa mzee Maige inasema hivi: baba asiyeweza kumrudisha nyumbani dikri wake, kwa sababu ng'ombe wa ndoa wamekwisha. Dikri. Nimevaa miwani nikasoma mara mbili, na Dipti akasoma.

Na mimi siku hiyo nilikuwepo, mwaka 1986, nilikuwa nyuma ya kaunta. Wimbo ulipokwisha baba yangu alimwuliza mzee, "Mtoto yupi? Lazima niandike."

Mzee aliomba maji kwanza. Akasema, "Andika binti. Lakini kwenye wimbo acha mwanangu, hivyohivyo. Yule aliye shule asijue. Akijua ataacha masomo, na hapo nitakuwa nimewapoteza wote wawili."

Baba yangu hakuitoa sokoni kanda ile. Alisema huyu mzee hakuja kuimba, alikuja kuungama, na maungamo hayauzwi. Nilipokupa nakala mwaka jana nilidhani familia mnajua. Kama nimekosea, nisamehe.

Taramati Shantilal

*

Mabatini, 14 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeambatanisha barua ya Mama Dipti. Nimekaa nayo siku tatu.

Jana nilikosa kipindi. Wameweka muziki mtupu.

Niambie.

Chenge

*

Magu, 25 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nimeandika nikachana, nikaandika tena. Sina ufundi wako.

Niliolewa na Shimba mwaka 1982. Ng'ombe walikuja nyumbani, wewe uliwashangilia, ulimpa jina yule dume mweusi. Mwaka uliofuata ulifaulu, na baba akawauza ili uende shule. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilifua shati lako la safari.

Shimba alikuwa mtu wa mikono. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani mara tatu. Unajua desturi: binti akirudi kabisa, ng'ombe nao hurudi. Hawakuwepo. Basi mara zote tatu baba alinipa maji ya kunywa, akaniacha nipumzike, halafu akanirudisha mwenyewe, kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Mara ya tatu alilia njiani. Alijifanya ni vumbi.

Mara ya nne sikwenda. Sikio langu la kushoto ni la mara hiyo. Mama alikuambia ni surua, kwa sababu ulikuwa na mtihani.

Sasa ya wimbo. Wagalu walikuwa wamejua. Walikuwa wamemtungia baba wimbo wa kumvunja, kwamba amemla binti yake kwa kijiko cha shule. Kila mtu uwanjani aliusubiri. Wewe umetufundisha redioni kwamba hata hao vijana wa Marekani hushindana hivyo kwa maneno, na aliye hodari hujitukana kwanza ili mwenzake abaki mikono mitupu. Baba hakuwa na redio ya kumfundisha. Aliingia katikati, akauimba huo wake kwa Kisukuma, polepole, bila ngoma. Wagalu walikosa la kuimba. Lakini hakuwa anawaangalia Wagalu. Alikuwa ananiangalia mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya Shimba, na mduara wote ukageuka.

Nyumbani hakuwahi kuniambia samahani, si siku ile, si siku anakufa. Aliniambia pale, mbele ya watu wote, na hakuna baba mwingine niliyemwona akifanya vile. Mwaka huo alishindwa mashindano, maana waamuzi walisema ule haukuwa wimbo wa ngoma. Hakushindana tena.

Chenge, ng'ombe walikwenda kwako, sikusema. Ardhi ya bondeni ilipogawanywa ulipewa wewe, sikusema. Nilibaki na wimbo mmoja. Juzi nimefungua redio nikakusikia unauambia mkoa mzima kwamba mwana yule ni wewe.

Hellen

*

Mabatini, 29 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti, peke yangu, kwa sababu macho yalikuwa yanaruka mistari.

Miaka thelathini nimepiga kelele juu ya walionyang'anywa sauti. Nimewatukana wenye maduka wa Marekani waliozitenga santuri za weusi kwenye rafu yao na kuziita za rangi. Nimewatukana mapromota, wakusanyaji, na vituo vya redio vilivyowapa Wazungu nyimbo za weusi ili wauze. Na muda wote shati nililovaa nikitukana lilifuliwa na wewe. Sina utetezi. Ningekuwa nao ungekuwa umeshausikia.

Sasa nimeamua. Jumamosi ijayo, tarehe tatu, kipindi chote ni chako. Saa nzima. Nitasema nilikosea, herufi moja, na herufi hiyo ilimfuta mtu. Nitasema jinsi ng'ombe walivyouzwa. Nitasema sikio. Nitamtaja Shimba kwa jina, na kijiji, hata kama amekufa, kwa sababu wafu wa namna yake wanalala vizuri mno. Nitasema juu ya desturi hii ya kurudisha binti kama mbuzi aliyepotea njia. Watu watalia, na wanastahili kulia. Sura ya tisa nitaiandika upya yote, na picha yako itakuwa mwanzoni. Itakuwa sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Baba alikusemea mara moja. Mimi nitakusemea mpaka wasikie.

Nduguyo,
Chenge

*

Magu, 31 Julai 2024

Chenge,

Barua hii nimempa Odeta ailete mwenyewe, isikukose kabla ya Jumamosi.

Usifanye hivyo.

Watoto wangu ni watoto wa Shimba. Wanaye baba mmoja huyohuyo, na wanasikiliza redio. Binti yangu Paskazia ana watoto wake sasa, na mmoja ana jina la babu yake, Shimba. Mimi nilishaamua kitambo watajua nini na hawatajua nini. Si uamuzi wako wala wa mkoa wa Mwanza.

Umezoea kwamba jambo lisipotangazwa halijatokea. Mimi lilinitokea bila matangazo. Unasema sura itakuwa bora kuliko zote. Nimesoma mstari huo mara nyingi kuliko mingine. Juzi wimbo ulikuwa wako kwa makosa, kesho unataka uwe wako kwa toba. Hata kutubu kwako kuna kipaza sauti.

Sikuchukii. Nitaendelea kusikiliza. Nataka uendelee na hao vijana wa Bronx, ulikuwa umefika pazuri. Lakini wimbo utoke kitabuni, na usiseme kwa nini. Usimwambie mtu yeyote. Wakikuuliza, nyamaza. Najua ni kazi ngumu kwako kuliko kuchuma pamba, ndiyo maana nakuomba hiyo, sikuombi nyingine.

Nikitaka kusema, mdomo ninao.

Dada yako,
Hellen

*

Mabatini, 5 Agosti 2024

Ndugu Mhariri Naushad,

Salaam. Najua kitabu kimefika kwa mpiga chapa na najua jalada limeshachorwa. Hata hivyo nakuomba mambo matatu, na gharama yake nitaibeba.

Sura ya tisa itoke yote, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Usiipunguze, iondoe. Ya kumi iwe ya tisa.

Katika utangulizi, futa aya mbili zinazomhusu baba yangu, na ile sentensi inayosema mwana ni mimi.

Jina Sina Mahali lisitumike. Andika tu: Muziki wa Marekani, Toka Mashambani hadi Hiphopu. Ni jina la kitabu cha shule, nalijua. Liache hivyo.

Yule mchambuzi wetu atasema nimekosa ushahidi nikakimbia. Mwache aseme, usimjibu, na mimi sitamjibu. Jumamosi nilifanya kipindi kama kawaida, juu ya Bronx, na watu watatu walipiga simu kuuliza wimbo wa mzee umekwenda wapi. Niliwawekea mwingine.

Utaniuliza sababu. Tumejuana miaka ishirini na hujawahi kunikuta sina sababu. Mara nyingi ninazo zaidi ya zinazohitajika. Hata hii ninayo. Siyo yangu kuitoa.

Chenge Maige